Usharika si mali ya mchungaji

Na Eliya Mshana

Kufikia mwaka 1920 Waingereza walikuwa wamewaondoa wamisionari wa Kijerumani Tanganyika. Kule Kilimanjaro, sharika za Kilutheri zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji ambao hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Kanisa halikufa. Kutoka katika tabaka hilo la walimu alitokea Stefano Moshi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT) makanisa saba yalipoungana Juni 1963.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea kwa namna hiyohiyo. Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walitembea kijiji kwa kijiji wakitoa ushuhuda, wanawake kwa wanaume, wengi wao bila cheo chochote. Ulipofika Bukoba ulimgusa Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu, na mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Leo naona tunarudi nyuma. Huduma mpya zinafunguliwa zikiwa na picha ya mtumishi na mkewe kwenye bango, na sadaka, kiwanja na akaunti ya benki vyote viko chini yake. Sikatai kwamba mtu mwenye karama huweza kujaza uwanja kwa muda mfupi, wakati baraza la wazee linamaliza vikao vitatu likijadili paa. Lakini akifariki, au akianguka, waumini hujikuta hawana katiba wala mrithi, na watoto wake wanagombania kiwanja.

Makanisa yetu ya zamani nayo yasijivune. Wapo wachungaji wanaoongoza usharika kama boma lao, na mzee wa kanisa anayehoji hesabu huitwa mwasi. Linaloniuma zaidi ni hali ya mwinjilisti. Yeye ndiye anayeanza na familia chache chini ya mwembe, anafundisha watoto, anazika, anapatanisha wanandoa, mpaka mtaa unakomaa na kuwa usharika. Hapo ndipo mchungaji anapoletwa. Mwinjilisti anahamishiwa porini kuanza upya, na posho yake hucheleweshwa miezi.

Uchaguzi wa wazee ukifika usharikani kwako, usimchague mtu kwa kuwa anaitikia kila neno la mchungaji. Mchague atakayesimama kikaoni na kuuliza mwinjilisti wa mtaa alilipwa lini mara ya mwisho.