Mishahara ya Ofisi Ipo Steshenari

Juzi niliingia steshenari moja Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi, kuprinti barua. Dogo wa kompyuta akanigeuzia skrini nichague faili langu. Macho yakatua kwenye jingine: "MISHAHARA FINAL". Pembeni yake CV, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA vimeskaniwa mbele na nyuma. Nikamuuliza mbona hafuti.

"Sasa kaka, mteja akirudi anataka ileile ya juzi. Nikifuta si namsumbua?"

Hana nia mbaya. Wala mhasibu aliyeileta hiyo mishahara. Namwona kabisa: printa ya ofisi imeisha wino, maombi ya wino yanasubiri saini, bosi anataka karatasi mezani saa nne. Anairusha WhatsApp kwa dogo, analipa kwa hela yake, anarudi ofisini anasifiwa kuwa mtu wa kazi. Huku nyuma akaunti za wenzake zimebaki kwenye mashine inayochomekwa fuleshi za kila mpita njia.

Si jambo geni. Waliokula karanga za kufungwa kwenye karatasi wanajua: ukimaliza karanga, unasoma fomu ya mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde. Taasisi, si mhasibu peke yake. Lakini zikivuja, wa kwanza kuitwa ni yeye. Na adhabu tunayoizoea, kumkata mshahara, nayo ina mipaka: kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira.

Anayeuza taarifa kwa makusudi ni mwizi, huyo simtetei. Huyu mhasibu utampigia marufuku ubaoni, wino bado hakuna, naye ataendelea kwa kificho. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa, maana faili likipotelea kusikojulikana hatathubutu kusema. Mimi ningeanza na wino.

Dogo alinifutia faili langu bila kinyongo. Nimeshavuka barabara ndipo nikakumbuka kwamba nilimtumia kwa WhatsApp, na namba yangu ya NIDA imo.