Mbegu Goigoi, Lawama kwa Mke

Lugha yetu haikumtendea haki mwanamke asiyepata mtoto. Kamusi husema kwamba tasa, au mgumba, ni mtu asiyezaa, lakini katika mazungumzo ya kila siku ni nadra kuyasikia maneno hayo yakitamkwa juu ya mwanamume. Mwanamume tumemwekea neno jingine, hanithi, nalo ni la mtu asiyeweza tendo la ndoa. Basi yule mume mwenye nguvu zake kamili, ila mbegu zake haziendi, hana jina; na asiye na jina hashukiwi.

Huko Turkana jambo hili si la kamusi tu. Mahari hulipwa kwa ng'ombe, ngamia na mbuzi, tena aghalabu kwa mchango wa ndugu na marafiki. Watoto wasipokuja, macho humgeukia mke. La ajabu ni kwamba mfugaji huyo huyo, mbuzi wake wasiposhika mimba, humshuku beberu pia. Hekima hiyo huishia zizini.

Nadhani tumepotoshwa na sitiari ya mbegu na shamba. Mbegu ya mtama haitembei. Hufukiwa, na isipoota tunalaumu udongo. Mbegu ya mwanamume ni chembe hai yenye mkia, na isipoogelea mbele haifiki popote. Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona zikienda mbio chini ya hadubini mwaka 1677. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, limeweka kiwango cha chini cha rejea: asilimia 42 ya mbegu ziwe zinatikisika na asilimia 30 ziwe zinasonga mbele. Aliye chini ya hapo si lazima akose mtoto, ila safari yake ni ngumu zaidi. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya kila sita hupatwa na tatizo la uzazi maishani mwake. Na katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mume ana sehemu yake.

Sababu ni nyingi. Ipo mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo mara nyingi hurekebishwa kwa upasuaji. Yapo maradhi ya zinaa kama kisonono. Upo moshi wa sigara, na homa kali. Lakini kwa nchi ya wafugaji ningependa kutaja bruselosi, maradhi yanayotoka kwa mifugo hadi kwa mtu kwa njia ya maziwa mabichi, au kwa kumshika mnyama anayezaa. Huleta homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya viungo, na kwa wanaume wengine uvimbe wa korodani unaoweza kudhuru mbegu. Tiba yake ni dawa za viuavijasumu, kwa kawaida aina mbili kwa pamoja kwa majuma sita, wala si vidonge vya siku tatu. Kuchemsha maziwa ni rahisi zaidi.

Wauzaji wa dawa za "nguvu za kiume" wamefaidika sana na mkanganyiko huu wa maneno, kwani kwao nguvu na mbegu ni kitu kimoja. Mwili huchukua siku 74 hivi kuumba mbegu, na siku kadhaa zaidi kuzikomaza. Dawa ya juma moja itabadili nini? Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa wanaume 2,370 na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vidonge vya zinki na asidi ya foliki havikuboresha mbegu wala kuongeza idadi ya watoto waliozaliwa. Hatari zaidi ni sindano za homoni ya kiume: humpa mtu misuli, huku zikiuzuia mwili usitengeneze mbegu.

Nyinyi walimu mnajua kwamba somo la Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Lodwar huweza kuuchora mkia wa mbegu na kuupa jina, asiweze kumweleza kaka yake neno lolote. Na katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 na inayokaliwa na watu wa mataifa mengi, mgonjwa mara nyingine huhitaji mkalimani. Mkalimani akitafsiri "mbegu dhaifu" kuwa "huna nguvu", mwanamume ataondoka asirudi. Mimi napendekeza tuseme "mbegu goigoi": goigoi ni mvivu wa kwenda, si maiti, na neno hilo halimvui mtu uanaume wake.

Maana kurudi ni lazima. Kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa, na athari ya tiba hupimwa baada ya miezi mitatu. Manii hayana budi kuchunguzwa katika muda wa saa moja tangu kutolewa, yasiachwe juani wala kupoa. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi. Chupa ikitumwa kwa matatu, mbegu zitafika zimekwisha kuchoka, na mume mzima ataambiwa ni mgonjwa. Asiyeweza kupimwa pale alipo inambidi asafiri mwenyewe, na afadhali asafiri pamoja na mkewe.