Gari la Kazi si Jukwaa la Fahari

Umezuka katika miji mingi ya nchi hii ugonjwa wa kuyainua magari. Mtumishi wa Serikali au mwalimu huchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akanunua pikapu kuukuu iliyokwisha kula chumvi miaka ishirini au thelathini. Kabla hajajua breki zake zina hali gani, huipeleka gereji ipandishwe juu na kuvikwa matairi makubwa kama ya trekta. Akitoka hapo hupita barabarani akiwatazama wenzake kutoka juu, akiamini kwamba amenunua nguvu. Ukweli ni kwamba amenunua kimo, na kimo na nguvu ni vitu viwili mbalimbali.

Mtindo huu haukuzaliwa shambani wala machimboni. Mmoja wa mizizi yake mashuhuri uko Marekani, katika jimbo la Missouri. Huko, karibu na mji wa St. Louis, Bob Chandler, mwenye duka na karakana ya magari yanayovuta kwa magurudumu manne, aliibadili pikapu yake ya Ford F-250 ya mwaka 1974, akaipa matairi makubwa na makubwa zaidi, hata ikajulikana kwa jina la Bigfoot. Mwaka 1981 pikapu hiyo ilipanda juu ya magari mabovu na kuyaponda, na tangu hapo mchezo huo ukawa tamasha la viwanjani. Chandler hakukosea. Gari lile lilikuwa tangazo la biashara yake, na kazi ya tangazo lilifanya barabara. Aliyekosea ni yule asiye na duka la kutangaza, ambaye huiga sura ya tangazo kwa fedha za mkopo, kisha akategemea gari hilo hilo limbebee magunia ya mahindi na kumfikisha mgonjwa hospitali.

Watetezi wa kimo watasema kwamba barabara za vijijini ni mbovu, na hapo hawasemi uongo. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hunasa hata matrekta, na makorongo hukata njia zilizopitika juzi tu. Gari linalolalia tumbo katikati ya njia halimfai mtu. Lakini hapo hapo ndipo hoja yao inapoporomoka, maana wengi wao hawajajiuliza ni sehemu gani ya gari inayopanda wanapoliinua.

Springi zikiongezwa kimo, kinachopanda ni chesisi na bodi. Ekseli hubaki pale pale ilipokuwa, na difu hubaki nayo. Pikapu nyingi za zamani zina ekseli nzima nyuma, na kitu cha kwanza kugonga jiwe lililo katikati ya njia ni tumbo la difu. Difu hiyo haipandishwi na kitu kingine ila tairi, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Tairi la 235/75R15 lina kimo cha sentimita 73 hivi. Likibadilishwa kwa tairi la inchi 31, difu hupanda chini ya sentimita 3. Likibadilishwa kwa la inchi 33, difu hupanda sentimita 5 tu. Basi mwenye gari aliyelipa ili ainuliwe sentimita 15 kwa springi amelipia hewa iliyo kati ya bodi na ekseli.

Faida ikiwa ndogo hivyo, gharama yake ni nini? Tairi la inchi 33 limezidi lile la kwanza kwa asilimia 14. Mshale wa mwendo ukionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda kilomita 91, na dereva hana habari. Difu yenye uwiano wa 4.10 huwa kana kwamba ni ya 3.59. Injini iliyokwisha kuchoka huelemewa, na klachi huungua mlimani. Breki nazo ni zile zile za siku gari lilipotoka kiwandani, lakini sasa zinatakiwa kusimamisha gurudumu lililo zito zaidi na refu zaidi. Mwenye gari huona fahari, na breki ndizo zinazobeba adhabu.

Ipo hesabu nyingine, ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Wepesi wa gari kupinduka kwenye kona hukadiriwa kwa kuchukua nusu ya upana uliopo kati ya matairi ya kushoto na ya kulia, na kuigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana ni sentimita 140 na kitovu kiko sentimita 70 kutoka ardhini: 70 kwa 70 ni 1. Kitovu kikipanda hadi sentimita 82, na upana ukabaki vile vile, jibu ni 0.85. Gari hilo limepoteza karibu asilimia 15 ya uthabiti wake kabla halijapakiwa hata gunia moja. Waswahili walisema mpanda ngazi hushuka. Pikapu iliyopandishwa bila akili hushuka kwa ubavu.

Lawama haziwaishii wenye magari. Wako mafundi wanaouza kimo kama machinga auzavyo miwani ya jua. Katika pikapu zenye tosheni baa mbele, fundi hukaza boliti mbili tu, pua ya gari ikapanda, naye akalipwa. Hamwambii mteja kwamba springi haikuongezewa nguvu hata chembe, wala kwamba gurudumu limepoteza nafasi ya kushuka shimoni. Hamwambii pia kwamba viungio vya mbele sasa vinafanya kazi kwa pembe kali, na mipira yake itapasuka mapema. Nyuma huingizwa vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, au hufungwa shakeli ndefu. Propela shafti hupinda pembe yake, gari likaanza kutetemeka, na mteja akaambiwa kwamba ndiyo tabia ya gari kubwa.

Kibaya zaidi ni kile kisichoonekana. Pikapu kadhaa za zamani, baadhi ya Toyota Hilux zikiwamo, zina vali nyuma inayopima mzigo kwa umbali uliopo kati ya chesisi na ekseli. Chesisi ikishuka, vali hutambua kuwa gari limebeba, ikaziongezea breki za nyuma nguvu. Mtu akiliinua gari bila kuirekebisha vali hiyo, siku zote gari hujiona halina mzigo. Siku litakapojazwa saruji na kuteremka mlima, breki za nyuma zitafanya kazi nusu nusu. Na mipira ya breki isiporefushwa, shimo moja refu laweza kuivuta hata ikakatika. Fundi anayeyajua haya akanyamaza, na fundi asiyeyajua akathubutu, wote wawili wanacheza na roho za watu.

Upana wa tairi nao umegeuzwa kuwa ishara ya ukubwa wa mtu. Wazee walioendesha Land Rover 109 katika miaka ya 1970, wakapeleka chanjo na vitabu mahali ambapo barabara ilikuwa jina tu, walitumia tairi la 7.50-16. Kimo chake kinakaribia inchi 32, na upana wake wa jina ni inchi 7 na nusu tu. Wembamba huo ulikuwa na maana. Katika tope lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata na kufika penye kushika, na tairi pana huelea juu na kuteleza. Penye mchanga dereva alipunguza upepo, akapita, kisha akajaza tena. Kupunguza upepo hakugharimu fedha ya kigeni hata senti moja, lakini matairi makubwa huagizwa ng'ambo.

Yeye ambaye kazi yake inahitaji kimo kweli hakatazwi. Ila na aanze mahali pa kuanzia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwanza chesisi ikaguliwe kutu, bushi na viungio vya usukani vilivyolegea vibadilishwe, na breki zifanywe zima. Pili, springi zilizolala kwa uzee ziondolewe, zifungwe mpya zilizochaguliwa kwa uzito wa mzigo wa kila siku, pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo. Mara nyingi mwenye gari atagundua kwamba kimo alichokuwa akikitafuta kimerudi chenyewe. Ikibidi kuongeza, sentimita 5 zinatosha kwa kazi nyingi, vali na mipira ya breki virekebishwe, na usukani upimwe upya.

Tairi lichaguliwe mwisho, tena liwe dogo kuliko yote yanayoweza kufanya kazi hiyo. Lizungushwe kushoto na kulia gari likiwa limepakiwa, ili ionekane kama linagusa bodi. Tairi la akiba liwe la kimo kile kile, la sivyo siku ya pancha difu itasagika. Kampuni ya bima nayo ijulishwe mabadiliko hayo, maana ajali ikitokea hakuna utetezi katika kusema, "Sikujua."

Wako watakaojibu kwamba gari ni lao na fedha ni zao. Lakini barabara si yao. Mtoto wa shule anayevuka mbele ya bampa iliyo juu kuliko kichwa chake hakuulizwa. Akina mama wanaopewa lifti kurudi kutoka gulioni, wakakaa juu ya mizigo, hawajui kwamba hesabu ya kupinduka imebadilika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuwekwa ili kumkera mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili ya hao.

Mtumishi wa umma hutazamwa. Mwalimu akifika shuleni na pikapu yenye breki kamili, springi zinazobeba na tairi la kiasi, wanafunzi wake wamepata somo la ufundi na la uwekevu kwa pamoja. Akifika na gari la kupandia kwa ngazi, linaloyumba kama mlevi na kusimama mita kumi baada ya kutakiwa, nalo ni somo pia. Na asishangae siku atakapoona vijana wamelifuata.