Giaboksi Mpya Haiui Gari la Kale

Tarehe 29 Aprili 2011, Prince William alitoka kwenye kasri la Buckingham akiwa ameshika usukani, bibi harusi pembeni, paa la turubai limekunjwa nyuma. Gari lilikuwa Aston Martin DB6 Volante, zawadi ambayo Malkia Elizabeth alimpa mwanawe Charles mwaka 1969 alipotimiza miaka 21. Watu walilishangilia kama gari la kale la Kiingereza lisilo na doa. Waliojua siri yake walikuwa wachache: mwaka 2008 lilikuwa limefanyiwa marekebisho ili litumie ethanoli iliyotengenezwa kwa ziada ya divai. Hakuna aliyelilia kando ya barabara kwamba limeharibiwa.

Mtu wa kawaida haonewi huruma hiyo. Akiingia gereji na MGB yake, lile gari la wazi la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, akatoa giaboksi ya gia nne na kufunga ya gia tano, wajuzi wa klabu ya magari ya kale watamwandama. Wataambiana kwamba gari limekufa, kwamba amelivua heshima, kwamba siku ya kuliuza atajuta. Kwao gari la kale ni lazima libaki kama lilivyotoka kiwandani, na kila spea ya kisasa inayoingia humo inakula sehemu ya uhai wake. Imani hii imeenea kuanzia vilabu vya Uingereza hadi Marekani, na popote penye mtu mwenye gari la wazi la miaka ya sitini. Inasemwa kwa sauti kubwa. Ushahidi wake ni mdogo sana.

Kwanza, kiwanda chenyewe hakikuiamini.

MGB iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya nusu milioni zilitoka. Katika miaka hiyo 18 gari hilo halikutulia. Lilianza na krenkishafti iliyoshikwa na beringi tatu; mwishoni mwa 1964 zikawa tano, kwa sababu tatu hazikutosha. Lilianza na dainamo. Kufikia mwisho wa 1967 likapewa alteneta. Kwa miaka mingi lilibeba betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, hadi kiwanda kilipokubali mwaka 1974 kwamba betri moja ya volti 12 inatosha. Mwaka huohuo likavalishwa bampa nene za raba na kuinuliwa juu ili lipite sheria za Marekani, na uthabiti wake kwenye kona ukapungua. Anayedai MGB "ya asili" aulizwe anataka ipi: ya beringi tatu, ya tano, ya bampa za chuma au ya raba? Zote zilitoka kiwanda kimoja. Na hata kiwanda hicho kilikuwa hasa mahali pa kuunganishia: umeme ulitoka Lucas, kabureta zilitoka SU, vizuia-mtikisiko vilitoka Armstrong.

Upande wa giaboksi ndio unaoumbua zaidi. Hadi 1967, gia ya kwanza ya MGB haikuwa na sinkromeshi, yaani zile pete zinazolinganisha kasi za gia mbili kabla meno hayajaumana. Dereva aliyetaka kurudi gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea alipaswa kukanyaga klachi mara mbili na kupandisha mizunguko ya injini kwa mguu wa kulia, la sivyo meno yalisaga kwa mlio ambao kila fundi anaujua. Mlio huo haukuwa sehemu ya uzuri wa gari. Ulikuwa chuma kinachokula chuma, na wahandisi walipopata nafasi waliuondoa. Walipanua hata handaki la sakafuni linalofunika giaboksi ili mpya ipate nafasi.

Jirani zake hawakuwa tofauti. Austin-Healey 100 ya 1953, gari la wazi linalouzwa leo kwa bei ya juu, ilichukua giaboksi ya Austin A90. Gia yake ya kwanza ilikuwa fupi mno kwa gari jepesi la michezo, basi wakaiziba tu, gari likabaki na gia tatu na ovadraivu, kifaa cha kupunguza mizunguko ya injini, ya kusaidia. Mwaka 1955 toleo lililofuata likapewa gia nne. Jaguar E-type ilipozinduliwa Geneva mwaka 1961 ilisifiwa kwa umbo na kasi, lakini madereva waliilalamikia giaboksi yake ya muundo wa Moss, nzito na isiyo na sinkromeshi kwenye gia ya kwanza. Mwaka 1964 Jaguar wakaleta injini ya lita 4.2 na giaboksi mpya yenye sinkromeshi kwenye gia zote. Huko Marekani, Chevrolet Corvette ya 1953, zote 300, zilikuja na giaboksi ya otomatiki ya gia mbili tu. Mbili! Gari hilo la michezo liliokolewa na mabadiliko: injini ya V8 mwaka 1955, kisha gia nne za mkono mwaka 1957.

Katika magari haya, giaboksi ya mwanzo mara nyingi haikuwa chaguo la moyo la wabunifu. Ilikuwa ile iliyokuwapo ghalani, kwa bei ambayo mhasibu aliikubali. Kuifanya kitu kitakatifu kisichong'olewa, miaka sitini baadaye, ni kumpigia magoti mhasibu.

Halafu kuna barabara. MGB ilipotoka, M1, barabara kuu ya kwanza ndefu ya aina yake Uingereza, ilikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Leo gari hilohilo linapaswa kwenda sambamba na magari mapya kwa kilomita 112 kwa saa, kasi ya juu inayoruhusiwa kwenye barabara hizo. Kwa uwiano wa ekseli yake wa 3.9, gia ya nne inailazimisha injini kuzunguka karibu mara 3,900 kila dakika kwa mwendo huo. Paa likiwa limekunjwa, abiria wawili hawasikilizani. Giaboksi ya Ford iitwayo Type 9, iliyotumika kwenye Sierra na Capri za miaka ya 1980, ina gia ya tano yenye uwiano wa takriban 0.82. Mizunguko inashuka hadi karibu 3,200. Injini inapumua, joto linapungua, na safari ya saa tatu inakuwa raha badala ya adhabu. Wengine huchagua giaboksi ya Mazda MX-5, na hesabu inakaribiana sana na hiyo.

Hapo ndipo imani ya "asili" inapojikanyaga. Tangu 1963 mnunuzi wa MGB aliweza kulipia ovadraivu ya Laycock, kifaa cha umeme na mafuta kilichofungwa nyuma ya giaboksi na kupunguza mizunguko kwa uwiano wa karibu 0.8. Ni kazi ileile ya gia ya tano. Leo mtu akiichukua MGB iliyotoka kiwandani bila ovadraivu na kuifungia moja kutoka gari lililokatwa spea, klabu inampongeza. Akifunga gia tano za Ford kwa lengo hilohilo, anaitwa mharibifu. Laycock hawakuwa MG, kama Ford wasivyo MG. Walikuwa kampuni ya Sheffield iliyowauzia ovadraivu watengenezaji wengi, kuanzia Triumph hadi Volvo. Tofauti pekee ni mwaka uliopigwa kwenye kifaa.

Mafuta yanaivunja imani hiyo zaidi. Injini za enzi hizo zilitegemea risasi iliyochanganywa kwenye petroli ili kulinda viti vya valvu visiliwe. Uingereza iliacha kuuza petroli hiyo kwa magari ya kawaida mwanzoni mwa 2000, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006. Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani, nayo imeacha. Mwezi uliofuata Uingereza ikaingiza petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hulainisha na kupasua mipira ya mafuta ya zamani. Kwa hiyo mwenye gari la 1963 anayetaka kuliendesha ana njia mbili: abadilishe viti vya valvu kwa vigumu zaidi na mipira kwa ya kisasa, au aweke dawa kwenye tangi kila anapojaza na kuomba Mungu. Wengi wanabadilisha. Hakuna anayewaita wauaji, kwa sababu viti vya valvu havionekani boneti ikifunguliwa. Giaboksi nayo haionekani.

Wanaodhani mabadiliko ni tabia ya mafundi wa vichochoroni wamsome Ken Costello, dereva wa mashindano wa Kiingereza aliyeanza kufunga injini ya V8 ya alumini ya Rover ndani ya MGB mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda kilitazama, kikaona inawezekana, na mwaka 1973 chenyewe kikatoa MGB GT V8 yake, ila kwa bodi yenye paa la chuma tu. Wapenzi wa gari la wazi walisubiri hadi RV8 ya 1993 hadi 1995, iliyotumia bodi ya MGB iliyofufuliwa. Ilikuwa na V8, vizuia-mtikisiko vya bomba badala ya vile vya zamani vya mkono, na giaboksi ya gia tano. Zilitengenezwa takriban 2,000, nyingi zikaenda Japani. Orodha ya "dhambi" ambazo mmiliki wa kawaida huonywa asizifanye ndiyo orodha ya vifaa vya gari lililouzwa rasmi kwa nembo ya MG.

Hoja ya bei ina uzito zaidi, lakini kwa magari machache. Ferrari, Aston Martin au E-type ya miezi ya mwanzo, ambayo namba za injini, giaboksi na bodi zake zinalingana na kumbukumbu za kiwanda, inalipiwa kwa ajili ya namba hizo. Huko, mwenye akili hagusi, au akigusa anaweka kila kitu salama. MGB si gari la aina hiyo. Si adimu, na bodi mpya zake zimekuwa zikitengenezwa na British Motor Heritage tangu 1988 kwa vifaa vya kiwandani. Anayeinunua mara nyingi anataka kuiendesha Jumapili, na gia tano kwake ni sifa ya kulipia.

Hata serikali haikuona giaboksi kama roho ya gari. Kwa miaka mingi DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, ilipima magari yaliyobadilishwa sana kwa alama 14: chesisi au bodi ilibeba 5, mfumo wa springi, ekseli, usukani na giaboksi vilibeba 2 kila kimoja, injini 1. Gari lilihitaji 8 ili libaki na namba yake ya usajili. Aliyebadilisha giaboksi peke yake alibaki na 12.

Upande wa pili nao una haki yake, na inafaa itajwe kwa jina. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa 1966, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, inayohimiza kuhifadhi kilichopo na kufanya mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma. Hilo ni sharti la maana, na giaboksi ya gia tano hulitimiza kirahisi kuliko rangi mpya ya bodi. Vifaa vizuri vya kubadilishia hushikwa na boliti. Havihitaji kukata chesisi wala handaki. Giaboksi ya zamani inapakwa mafuta, inafungwa, inaandikwa namba ya gari na kuwekwa pakavu. Jaguar walipoonyesha mwaka 2017 E-type ya wazi ya umeme, ambayo Prince Harry aliiendesha siku ya harusi yake Mei 2018, walisisitiza kwamba betri ilikaa mahali pa injini bila bodi kuguswa, hivyo injini ingeweza kurudi. Wengi walikasirika, na FIVA ikashikilia kwamba gari la kale likigeuzwa kuwa la umeme halihesabiki tena kuwa la kihistoria. Mtu anaweza kukubaliana na FIVA juu ya injini na bado akafunga gia ya tano kwa amani.

Kinachostahili kulaumiwa ni mpangilio mbovu wa kazi. Kuna wanaoanza na nguvu za injini na kumalizia na breki, au wasizifikie kabisa. Breki za MGB, za diski mbele na ngoma nyuma, zinatosha kwa injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 zikiwa nzima. Hazitoshi kwa V8 iliyofungwa haraka. Fundi makini huanza na breki, tairi, usukani na mipira ya mafuta, kisha kiwashio cha kielektroniki ndani ya distribyuta ileile ya Lucas, ndipo aje kwenye giaboksi. Na giaboksi yenyewe ina madai yake: sahani ya klachi inayolingana, propela shafti ya urefu mpya, na spidomita iliyorekebishwa isimdanganye dereva. Atakayeruka hayo amefanya kazi mbaya, na angeifanya mbaya vilevile kwa vipuri vya 1962.

Gari la wazi huharibika zaidi likiwa limesimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, sili hukauka, kutu hutafuna vizingiti vya chini ambavyo kwenye MGB ndivyo vinavyobeba bodi. Mmiliki anayeogopa barabara kuu kwa sababu ya kelele na meno yanayosaga huliacha gereji, na likikaa huko miaka minne, "asili" yake inageuka orodha ndefu ya matengenezo. Mashindano ya urembo wa magari, kuanzia Uingereza hadi Concours d'Elegance ya Nairobi iliyoanza 1970, yana majaji wanaochungulia chini ya boneti na ndani ya buti kwa makini sana. Waongeze mstari mmoja kwenye fomu zao, wenye alama nyingi kuliko ule wa boliti sahihi: kilomita ambazo gari limetembea kwa injini yake tangu mashindano ya mwaka uliopita.