"Nice" Ni Nini Hasa?

Wasee, fungueni komenti za video yoyote sai. "Nice." "Awesome." "Terrific." Zimejaa mpaka chini. Sasa muulize aliyeandika ni nini hasa amependa. Kimya.

Hebu tuangalie haya maneno yametoka wapi. "Nice" asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua kitu. Likapitia Kifaransa, na lilipoingia Kiingereza karibu miaka 700 iliyopita lilimaanisha mjinga. Enzi hizo ukiitwa "nice" umetukanwa! Likazunguka maana nyingine kibao, na kufikia karne ya 18 likawa la kusifu kitu kinachopendeza. Halafu likazidi. Kwenye Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwisho wa 1817, kuna jamaa anamtania msichana kwa vile anavyolitumia. Kumbe hii komenti ilianza kuchosha watu kitambo.

"Terrific" inatokana na neno la Kilatini la kutisha. "Awesome" ilikuwa ile hofu ya mtu akisimama mbele ya Mungu. Leo hata smoki na kachumbari ni "awesome". Na "smart", ile tunamwita mtu smati akipiga pasi shati, ilianza kama maumivu ya kuchoma.

Si Waingereza peke yao. Sisi tunasema ngoma ni kali, biti ni hatari, msee ni noma. Maneno ya kuogopesha tumeyageuza sifa, na hakuna ubaya. Lugha inatembea. Ubaya ni neno likishatosha kila kitu, kwa sababu hapo halielezi chochote.

Mtasema, "Si ni komenti tu?" Kwako ni komenti. Mi niliacha chuo, kwa hivyo sina mhadhiri wa kunisahihishia kazi. Nyinyi ndio mnanisahihishia. Kuna mteja alikuwa ananijibu "awesome" kila nikimtumia video. Baada ya ya nne akahamia kwa mwingine. Kwa hizo "awesome" zote, hakuna hata moja iliyonionyesha pale alipoanza kuchoka. Ningeambiwa "sauti iko chini" ningerekebisha jioni hiyo hiyo na kodi ingelipika.

Na ni hivyo kwa wengi. Fundi anayekushonea nguo, dada anayekusuka, kijana anayekupiga picha za harusi: wote wanaishi kwa kujua walichofanya vizuri ili wakirudie.

Kwa hivyo leo chagua mtu mmoja unayependa kazi yake. Mwambie kitu kimoja tu, lakini kiwe cha kweli: "Hiyo kola imekaa poa, haijakunjamana." Hata ukisema "hapo katikati nimeboeka", ni sawa, nitashukuru. Angalau nitajua uliangalia mpaka katikati.