Pikipiki ya Kwanza: Tazama Njia Yako, Usitazame Macho ya Watu



Mwezi huu tunajibu swali la kijana mmoja. Anachimba zahabu upande wa Misisi, na wazazi wake wako Uvira. Amejifunza kuendesha, ameshinda mtihani, permi iko mfukoni. Ana pesa aliyoweka akiba, na mama yake amemwongezea pesa ya likelemba. Sasa yaya yake anamwambia anunue pikipiki kubwa, yenye sauti, ili akipita watu wajue kwamba mtoto wa fulani amerudi. Mama anataka ndogo. Kijana anauliza: nani ana haki?

Swali hili si lake peke yake. Katika nyumba nyingi za machimboni, pikipiki ndicho kitu cha kwanza cha bei kubwa ambacho kijana ananunua. Ndani yake mna jasho la miezi mingi, tena mara nyingi mna pesa ya mama, au ada ya shule ya wadogo wake. Ikiharibika, si kijana tu anayelia. Kwa hiyo tulitazame jambo hili polepole, kama familia.

Kwanza tukumbuke kwamba permi si mwisho wa masomo. Siku ya mtihani uwanja ulikuwa sawa, hakukuwa matope, hakukuwa abiria nyuma wala mfuko wa unga. Lakini barabara ya Uvira ina motari wanaopita kushoto na kuume, ina malori ya kwenda Baraka, mbuzi, mama na sahani ya samaki kichwani, watoto wanaotoka shuleni. Fanya hesabu hii: ukienda kilometa 40 kwa saa, unapita metre 11 katika sekunde moja. Ukienda 60, unapita karibu metre 17. Mtoto akiruka barabarani, sekunde moja inaweza kwisha kabla mkono wako haujakamata freni. Na pikipiki yenye nguvu nyingi, ukizungusha mkono kidogo tu, inaruka. Mwenye mazoea anajua kuituliza. Wewe uliyepata permi juzi, bado.

Kwa hiyo tunasema hivi: pikipiki ya kwanza ni mwalimu wako wa pili. Tafuta mwalimu mpole. Namna gani utamjua? Tazama mambo matano.

1. Mwili wako

Kaa juu yake. Miguu yote miwili inagusa chini vizuri, au unasimama kwa vidole? Kama ni kwa vidole, iache. Kisha uzime mashini, uisukume mbele, uirudishe nyuma. Nyingi kati ya hizi za kawaida zina kilo zaidi ya 100. Ikikushinda katika kiwanja cha muuzaji, itakushinda zaidi siku itakapolala katika matope ya Lulimba, na hakuna mtu wa kukusaidia. Usione haya kuijaribu mbele ya watu. Haya ya dakika tano ni bora kuliko mguu uliovunjika.

2. Njia yako

Usiulize kwanza, “Ni pikipiki gani nzuri?” Uliza, “Nitapita wapi kila siku, na nitabeba nini?” Mtu wa Uvira, Kiliba au Sange anatembea katika bonde la Ruzizi, mahali pa tambarare. Mashini ya 100 au 125 inamtosha kabisa. Mtu anayepanda milima ya Fizi, au anayeingia njia ya Kamituga na mzigo, anaweza kuhitaji 125 au 150. Namba hizi zinaonyesha ukubwa wa nafasi ndani ya mashini, pale mafuta yanapowaka. Kwa mwenye kuanza hatuoni sababu ya kupita 150.

Tazama na magurudumu. Kuna yale yenye nyuzi nyembamba za chuma, na kuna yale ya chuma kizito cha kumwaga, yanayopendeza macho. Kwenye lami yote ni mazuri. Lakini kwenye mawe, nyuzi zikikatika au gurudumu likipinda, fundi wa kijijini anaweza kunyoosha na kubadilisha uzi mmoja mmoja. Lile la kumwaga likipasuka, unanunua jingine zima. Tena angalia nafasi kati ya tumbo la mashini na udongo, na meno ya pine: njia ya matope inataka meno marefu.

3. Fundi wako

Hapa vijana wengi wanasahau. Kabla ya kununua, nenda kwa fundi wa mahali unapoishi, umwulize: “Ni pikipiki gani unatengeneza kila siku? Vyombo vyake vinapatikana wapi?” Sikiliza jibu lake kuliko matangazo.

Wazee wetu watakumbuka Yamaha AG100 ya wamisionari na ya waganga wa vijijini. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima, ndiyo maana ilikuwa na kibebeo mbele na kibebeo nyuma. Ilikuwa mashini ngumu kweli kweli. Leo njiani tunaona zaidi Bajaj Boxer na TVS za kutoka India, na za kutoka China za majina mengi. Hatuuzi jina lolote hapa. Tunasema tu kwamba ile iliyo nyingi kwenu ndiyo ambayo fundi anaijua kwa mikono, na vyombo vyake viko sokoni. Ile ambayo ni moja tu katika mtaa mzima, ikikosa kipande kidogo, italala nyumbani ikingoja kipande kitoke Kampala au Dubai, na wewe utatembea kwa miguu ukiwa tajiri.

Uliza vilevile inakunywa mafuta kiasi gani. Mashini kubwa ina kiu. Kule ndani bei ya esansi inapanda kila kilometa, na wale tunaowaita Kadafi wanauza kwa chupa. Mwenye pikipiki yenye kiu anaanza kuweka bidoni za esansi nyumbani, karibu na jiko na watoto. Tusifanye hivyo. Sisi wa bonde hatujasahau Sange, tarehe 2 Julai 2010, gari la mafuta lilipoanguka na moto ukawaka: watu zaidi ya 200 walikufa. Esansi haina urafiki na mtu.

4. Ile iliyokwisha kutumika

Wengi hawawezi kununua mpya, na si aibu. Lakini nenda na fundi wako mwenyewe, usiende na fundi wa muuzaji. Enda mchana, mashini ikiwa baridi. Ukiikuta imekwisha kupashwa moto, uliza kwa nini; mashini mbovu mara nyingi inawaka vizuri ikiwa ya moto tu.

Tazama moshi. Ukiwa wa rangi ya buluu, mashini ya kawaida inakula mafuta ya kulainisha, na ndani kumechakaa. Zile za zamani kama AG100 zinachoma mafuta hayo pamoja na esansi, kwa hiyo moshi kidogo kwao si ugonjwa. Kwa hizo mwachie fundi aseme. Fungua mahali pa mafuta ya mashini: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwetu jambo hili ni la kuangalia sana. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katika Uvira, na maji ya ziwa yakapanda mitaani wakati huo na tena mwaka 2024. Pikipiki iliyolala ndani ya maji inaweza kupakwa rangi ikang’aa, huku ndani inaoza. Shika gurudumu ulitikise kushoto na kuume. Likicheza, kuna kazi. Tazama mirija ya mbele. Ikitoka mafuta, kuna kazi nyingine. Kila kazi ni pesa, basi iondoe katika bei.

Mwisho, soma namba iliyogongwa kwenye chuma cha pikipiki, karibu na shingo ya usukani, uilinganishe na ile ya karte roze, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekwanguliwa, au haifanani, ondoka, hata kama bei ni tamu. Pikipiki ya wizi ina mwenyewe anayeilia mahali fulani, ng’ambo au humu humu. Mkristo hawezi kupanda juu ya machozi ya mtu. Tena siku polisi wa rulaji watakapoikamata, pesa yako na ya mama yako imekwenda.

5. Hesabu yako

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu kama ana pesa ya kumaliza (Luka 14:28). Kwenye pikipiki, wengi wanahesabu bei ya mashini tu. Andika na haya: karatasi na plaki, kaske mbili, viatu, pine za kubadilisha, mafuta ya mashini, mnyororo, na fundi wa mwezi wa kwanza. Kama pesa yote inakwishia kwa muuzaji, pikipiki hiyo ni kubwa kuliko mfuko wako. Chukua ya bei ya chini, sehemu ibaki.

Tumesema kaske mbili, moja yako na moja ya unayembeba. Mwaka 2008 watafiti walikusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakaona kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini ni ile iliyo kichwani, na kamba imefungwa kidevuni. Kaske iliyotundikwa kwenye usukani inalinda usukani. Na kambambili si kiatu cha pikipiki.

Sasa, nani ana haki?

Mwanangu, mama yako ana haki. Lakini yaya yako naye hakusema bure kabisa. Mashini ndogo mno, ikipandishwa mlima na mizigo kila siku, inachoka haraka. Kwa hiyo waambie wote wawili: wewe unakaa Misisi, njia yako ni ngumu, utatafuta 125 ambayo fundi wa pale anaijua, miguu yako inagusa chini, na pesa inabaki ya kaske na karatasi. Ile kubwa ya kuonyesha watu, iache. Watu hao watakutazama dakika moja ukipita, kisha watarudi kwenye kazi zao. Wewe utabaki na deni.

Na ukiisha kununua, mwezi wa kwanza tembea peke yako, bila abiria, tena mchana. Tafuta mahali patupu ujifunze kufunga freni. Ile ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu uzito wote unakimbilia mbele. Lakini kwenye mchanga na matope ukiikamata kwa nguvu, gurudumu linateleza nawe unalala. Mkono ujifunze upole huo kabla ya kumpandisha mama nyuma.

Wazazi, nanyi tunawaomba: msimwachie kijana maamuzi haya peke yake, wala msimwamulie yote. Kaeni pamoja mezani na karatasi na kalamu. Zungumzeni haya:

– Pikipiki hii itafanya kazi gani nyumbani kwetu?
– Nani atalipa ikiharibika?
– Ni pesa gani ambayo hatutaigusa hata kidogo kwa ajili yake?
– Nani ataruhusiwa kuiazima?

Swali la mwisho lijibiwe kabla marafiki hawajaanza kuja. Safari njema, vijana wetu, na mrudi nyumbani wazima.