Juu ya Picha za Mawindo: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KWS

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Naandika kutoka Lodwar mintarafu ya jambo ambalo laweza kuonekana dogo mbele ya ujangili wa pembe, ukame na uhasama wa mipakani, nalo ni namna wawindaji wanavyojidhihirisha kwa umma katika mitandao ya kijamii. Nimechagua waraka wa wazi badala ya barua ya faragha kwa kuwa picha ninazozikusudia hazikufichwa. Zimekwisha kupita katika mikono ya watu wote, wakubwa na watoto, na si insafu neno la kuzijibu lifungiwe ndani ya bahasha.

Simu iliyonunuliwa dukani Lodwar, au ile inayochajiwa kwa malipo madogo katika kibanda cha Kakuma, humletea kijana wetu kila jioni habari za dunia nzima, na miongoni mwa habari hizo humkuta mwindaji amepiga goti kando ya simba au nyati, bunduki imelazwa juu ya mwili wa mnyama, jua la magharibi limemwangukia mtu usoni, na tabasamu lake halina doa. Aghalabu picha hizo zimepigwa Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe, au hata kwa jirani zetu wa Tanzania, nchi ambazo uwindaji wa malipo ni biashara halali yenye vibali, vitalu na idadi ya wanyama iliyowekwa na serikali. Na Uganda nayo iliurudisha kuanzia 2001, kwanza pembezoni mwa Ziwa Mburo. Sina nia ya kuwahukumu wenzetu kwa sheria zao. Nasema tu kwamba kibali hakionekani katika picha, wala ada iliyolipwa, wala nyama waliyogawiwa wanakijiji kama ifanyikavyo katika hifadhi za jumuiya za Namibia; kinachoonekana ni binadamu, mzoga na furaha, na kijana wa Turkana, ambaye hajaambiwa neno jingine lolote juu ya jambo hili, huchukua hivyo vitatu na kuviona kuwa ndio uwindaji wenyewe.

Kakuma yastahili kutajwa peke yake. Tangu 1992, kambi ilipofunguliwa kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, mji huo umekuwa makutano ya Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengine wengi, na kila kundi limekuja na desturi ya kwao na sheria ya kwao. Mtu aliyekulia upande wa Boma, Sudan Kusini, katika nchi ambayo hesabu iliyofanywa kwa ndege na kutangazwa 2024 ilikadiria swala wapatao milioni 6 wanaohama kwa misimu, aweza kuwa amezoea tangu utotoni kuona nyama ya porini ikiuzwa kando ya barabara. Huyo akiletewa picha na ndugu yake aliyebaki nyumbani, kisha akampelekea jirani yake Mturkana, haupiti moyoni mwake hata uvuli wa kosa, na jirani naye haoni sababu ya kujiuliza kama yaliyo ya kawaida kule ni halali hapa. Mpaka wa nchi hutambuliwa Lokichoggio na hutambuliwa Namanga. Katika simu hautambuliwi.

Wala desturi ya mwindaji kujitangaza haikuzaliwa pamoja na simu. Samuel Teleki, yule mwungwana wa Hungaria aliyefika ziwani kwetu Machi 1888 na kulipa ziwa jina la mwana wa mfalme wa Austria, alisindikizwa na Ludwig von Höhnel, naye akaandika kitabu ambamo tembo na vifaru walioangushwa njiani wamesimuliwa kwa urefu. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda tembo mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi, alipata lakabu ya "Karamojo" kwa jina la nchi ya jirani zetu, na kitabu chake cha 1923 kikalieneza jina hilo kwa watu ambao hawangeweza kuionyesha Karamoja katika ramani. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, na kabla safari yake haijaisha makala zake zilikuwa zikisomwa Marekani katika jarida la Scribner's. Yeye na mwanawe waliua kwa bunduki zao wanyama zaidi ya 500, na ile taswira ya mtu mwenye kofia akisimama kwa utulivu kando ya mnyama mkubwa aliyeanguka ikawa kielelezo ambacho wawindaji wa leo wanakifuata pasipo kujua walikirithi kwa nani. Lakini wasomaji wa wakati ule walikuwa London na New York. Mturkana na Mkaramojong, ambao ardhi yao ilikuwa uwanja wa hadithi hizo, hawakuwa miongoni mwa waliosimuliwa. Leo wao ndio wanaosimuliwa, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, nami nadhani ofisi zetu hazijalipima badiliko hilo kwa uzito wake.

Tazama, Mheshimiwa, picha hiyo inavyotengenezwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani wawindaji hufundishana adabu ya kupiga picha: mpanguse mnyama damu, mrudishie ulimi kinywani, usimkalie mgongoni, mwelekeze kichwa upande ambao jeraha halionekani. Nakiri kwamba katika adabu hiyo mna chembe ya heshima, kwa maana mtu anayemkalia mnyama mgongoni na kucheka amekosa murua kuliko yule anayempangusa. Hata hivyo kazi ile ile ya kupangusa ndiyo inayoondoa ushahidi. Simba Cecil wa Zimbabwe, aliyeuawa Julai 2015 na daktari wa meno kutoka Minnesota, alijeruhiwa kwa mshale usiku na kumaliziwa baada ya saa nyingi. Hakuna picha ya mwindaji iliyowahi kuzionyesha saa hizo. Na dunia ilipokasirika, picha iliyozungushwa sana kama hati ya mashtaka ilikuwa ya simba mwingine, ambaye daktari huyo alimwua miaka kadhaa nyuma, hata waliokuwa wakidai ukweli wakausambaza kwa picha isiyokuwa ya kweli. Katika ghadhabu hiyo wachache walijali kuwauliza Wazimbabwe wanaoishi na simba, na mmoja wao, mwanafunzi aliyekuwa akisoma Marekani, alilazimika kuandika gazetini kwamba kijijini kwao simba ni hofu, wala watu hawamlilii. Upande mmoja ulijionyesha, upande wa pili ukalaani, na mwenyeji hakusikika katika pande zote mbili.

Watu wa Turkana si wageni wa uwindaji. Ngao zetu za kale zilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, twiga au kiboko. Manyoya ya mbuni yamepamba vichwa vya wanaume, na vipande vya maganda ya mayai yake vimepamba mavazi ya ngozi ya wanawake. Na ukame ulipoifuta mifugo, digidigi na kanga waliokoa nyumba nyingi. Ila mwindaji wa zamani alirudi na habari zake chini ya mti wa wazee, mbele ya watu waliomjua yeye na baba yake, waliolijua bonde alilolitaja, na waliokuwa na haki ya kumhoji: alikuwa dume au jike? Alikuwa na mtoto? Ulipomjeruhi ulimfuata mpaka wapi? Nyama amepata nani? Sifa yake ilipita kwanza katika maswali hayo, na aliyeshindwa kuyajibu alinyamaza. Tunachokipoteza leo ni kule kuulizwa. Kijana anayemwinua digidigi kwa miguu ya nyuma mbele ya kamera hapati maswali. Hupata vidole gumba na vicheko vya watu wa Nairobi, Kampala au Dubai ambao hawamjui, hawatamwuliza kitu, wala hawatakuwapo siku ambayo picha ile itamletea msiba.

Na msiba upo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977 na kufunga biashara ya nyara mwaka uliofuata, nayo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ilitamka kwamba hata anayewinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani anatenda kosa, adhabu yake isipungue faini ya Sh30,000 au kifungo cha miezi 6, na anayeuza nyama ya porini isipungue Sh200,000 au mwaka 1. Kwa mtu ambaye mbuzi wake waliangamia katika ile misimu 5 mfululizo ya mvua iliyokosa kuanzia mwisho wa 2020, Sh30,000 ni mali asiyoweza kuikusanya. Yule anayewinda kwa njaa hapigi picha. Hutoka alfajiri, hurudi kimya, na hofu yake haimruhusu hata kumwambia jirani. Anayejipiga picha ni mwenye shibe kidogo, mwenye simu na mwenye kutaka sifa. Kwa hiyo anayetaka kuijua Turkana kwa picha hizi atatuona sisi sote watu wa mchezo na majivuno, asiione njaa, wala asiwaone wafugaji walio wengi ambao choroa na swala hunywa maji mahali pamoja na mbuzi wao bila kuguswa na mtu.

Sasa naomba ruhusa nifike mahali pazito. Mbali na picha za wageni na picha za vijana wetu, ziko picha zinazotolewa na vyombo vya dola vyenyewe, Shirika lako likiwamo: watuhumiwa wamepangwa mstari, wamechuchumaa au wamesimama, pembe au vipande vya nyama vimetandazwa miguuni mwao, nyuso zao wazi, kabla hakimu hajasikia neno. Nazitazama picha hizo kando ya zile za wawindaji wa malipo, na nashindwa kukana kwamba zimepangwa kwa mkono mmoja: mnyama mfu chini, mtu juu, na mpiga picha mwenye kutangaza ushindi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 28, yamhakikishia kila mtu heshima ya utu wake, na katika kifungu cha 50 yasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitike vinginevyo. Picha iliyokwisha kuzunguka Kakuma nzima hairudishwi na hukumu ya kuachiliwa. Mama wa kijana yule ameshaiona, na wanafunzi wenzake wa darasa moja wameshaihifadhi.

Wala usidhani nawanyima haki ya kutumia picha, kwa kuwa nchi hii iliutumia uwezo huo kwa adhama kubwa. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na Aprili 2016 tani 105 zikateketezwa mahali hapo hapo. Dunia ilitazama, na katika moto ule hapakuwa na mtu aliyedhalilishwa; kilichohukumiwa kilikuwa biashara. Tanzania nako, 2014, mkanda wa video uliowaonyesha wageni wa kampuni moja ya uwindaji wakiwafukuza wanyama kwa magari na kuwashika walio wachanga ulifika Bungeni, na waziri wa wakati ule akaifutia kampuni leseni. Video iligeuka shahidi dhidi ya wenye nguvu. Picha inaweza basi kumwuliza tajiri maswali, maadamu kuna ofisi iliyo tayari kuuliza. Nasikitika kwamba kwetu aghalabu humwuliza maskini peke yake.

Ninayoyataka hayahitaji bajeti ya kutisha. Amri itoke ofisini kwako kwamba sura ya mtuhumiwa isichapishwe katika kurasa za Shirika kabla ya hukumu. Tuonyesheni pembe, mitego ya waya, ramani, hata kazi ngumu ya askari wenu wanaotembea katika joto la Turkana Kusini na Nasolot. Sheria isomwe kwa Kiturkana na kwa Kiswahili katika redio za Lodwar na Kakuma, na pale kambini kwa lugha za wakimbizi pia, ikielezwa waziwazi tofauti kati ya yanayoruhusiwa Tanzania au Uganda na yanayokatazwa hapa, kwa sababu si haki kumfunga mtu kwa sheria ambayo simu yake humkanushia kila jioni. Kijana akionekana na picha ya digidigi, na ikiwa ni mara yake ya kwanza na hakuna biashara ndani yake, aitwe kwanza mbele ya chifu na wazee, aulizwe yale maswali ya chini ya mti, naye aiondoe picha kwa mkono wake mwenyewe na kuwaeleza wenzake kwa nini ameiondoa. Najua maofisa wenu wamefungwa na sheria, na kwamba ruhusa ya kuonya badala ya kushtaki haitoki kwa askari wa zamu. Ndiyo sababu nakuandikia wewe, wala simwandikii yeye.

Nanyi vijana wa Lodwar na Kakuma mtakaousoma waraka huu katika simu zile zile, msingoje amri ya Nairobi. Futeni picha mlizo nazo leo, na atakayewaletea nyingine mwulizeni mnyama huyo aliuawa wapi, kwa ruhusa ya nani, na nyama yake ameila nani.

Wako katika utumishi wa nchi,

Mkazi wa Lodwar, Kaunti ya Turkana